Waliofiwa wasomewe zaburi nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na Wakristo wenzangu juu ya namna tunavyowafariji waliofiwa. Tunawachagulia mistari. Tunawapa ile ya shukrani na ushindi, na ile ya kilio tunaifunika kana kwamba aliyeiandika aliteleza kalamu. Tunafanya hivyo kwa upendo, sina shaka. Lakini Biblia ninayoisoma tangu mdogo wangu afariki inaweka kilio na shukrani katika kitabu kimoja, mara nyingi katika ukurasa mmoja, na nimeona nyumbani kwetu kwamba mtu akikatazwa kulia, hata kushukuru kwenyewe humshinda.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa mama yangu, na marehemu alikuwa kitinda mimba. Macho ya mama yamefifia, herufi hazioni tena hata zikiwa kubwa, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shughuli nyingine mimi humsomea. Utaratibu wetu ni wa kawaida tu: sura moja au mbili kwa kufuata mpangilio wa vitabu, kisha zaburi moja. Haturuki kitu. Sharti hilo ni la mama. Msiba ulipotufika tulikuwa katika Hesabu, kwenye zile sura za mwanzo zenye majina ya wakuu wa makabila na idadi ya watu wao. Siku tuliporudi kusoma baada ya mazishi nilimuuliza kama nisogee mbele, nitafute mahali penye faraja. Akasema, “Soma hapo hapo tulipoachia, mwanangu. Hao nao walikuwa na mama zao.” Nikasoma wana wa Reubeni, wana wa Simeoni, wana wa Gadi, wana wa Yuda, na mama ameketi ameshika magoti yake, anaitikia kwa kichwa kila kabila linapotajwa.

Wengi hudhani kusoma Neno kila siku ni kutafuta mstari wa kukuinua asubuhi. Zipo siku ambazo ni hivyo. Zipo nyingi zaidi ambazo unaketi mbele ya maneno ambayo hukuyachagua, mengine hayakuhusu kabisa, mengine yanakuhusu kiasi kwamba ungependa kufunga kitabu. Faida yake sikuiona mara moja. Sasa naiona: anayechagua mistari husikia moyo wake tu ukijijibu, lakini anayefuata mpangilio hukutana na watu wengine waliolia kabla yake, kila mmoja kwa sauti yake.

Katika zile siku za kwanza watu wengi walikuja, na Mungu awabariki. Mmoja wao, mtu wa kanisani ambaye najua anatupenda, alimshika mama mkono akamwambia, “Mama, usilie. Neno linasema tushukuru kwa kila jambo.” Mama akajibu, “Ndiyo, mwanangu,” akafuta machozi, akanyamaza mpaka mgeni alipoaga. Mlango ulipofungwa akaniambia, “Nifungulie pale Yesu anapolia.” Siku hiyo peke yake tulitoka nje ya mpangilio wetu.

Nikafungua Yohana 11. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na nimeisikia ikihubiriwa kila mara kama sura ya ushindi, jambo ambalo ni kweli. Lakini mama alinisimamisha njiani. Martha anatoka kumlaki Yesu anamwambia, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Baadaye Mariamu anakuja, anaanguka miguuni pake, na anasema maneno yale yale. Dada wawili, lalamiko moja, na hakuna hata mmoja anayekemewa. Martha anajibiwa kwa mafundisho: “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima.” Mariamu hapewi fundisho lolote. Bwana anaugua rohoni, anauliza walipomweka, na mstari wa 35 unasema, “Yesu akalia machozi.” Na huyu ndiye aliyekwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro, ndugu yao aliyekufa. Alijua litakalotokea muda si mrefu, hata hivyo akalia. Kisha mistari sita mbele, jiwe limeondolewa na maiti bado imo kaburini, anainua macho na kusema, “Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia.” Ni siku hiyo hiyo. Sidhani alikuwa amemaliza kufuta machozi.

Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Kumbe alishukuru baada ya kulia, na hakuna aliyemwambia aanze na lile la pili.” Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, na ndilo lililonisukuma kuandika barua hii.

Tuliporudi kwenye mpangilio, vitabu vilivyofuata vilituonyesha jambo hilo hilo kwa sura nyingi. Katika Ruthu, Naomi anarudi Bethlehemu baada ya kuwazika mume wake na wanawe wawili, Maloni na Kilioni, na wanawake wa mji wanapomshangilia anawaambia, “Msiniite Naomi, niiteni Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amenitenda mambo machungu sana.” Anasema wazi kwamba alitoka hali amejaa na Bwana amemrudisha hana kitu. Maneno mazito hayo, tena yanamtaja Mungu moja kwa moja. Hakuna mzee wa mji aliyemwambia anakufuru. Sura ya mwisho wanawake wale wale wanamhimidi Bwana, na Naomi anamweka mjukuu kifuani pake, Obedi, ambaye ndiye babu yake Daudi. Lakini kitabu hakisemi mahali popote kwamba Obedi alifuta jina la Maloni au la Kilioni. Mama alilisisitiza hilo kwa nguvu, kwa sababu kuna watu waliomwambia kwamba ana watoto wengine.

Halafu Hana, yule mwanamke wa 1 Samweli aliyekosa mtoto. Anaomba hekaluni kwa uchungu, midomo inacheza na sauti haisikiki, na kuhani Eli anadhani amelewa. Naomba wachungaji wetu waitazame tena sehemu hiyo kwa utulivu. Mtumishi wa Mungu, ameketi kazini kwake, anatazama huzuni ya kweli usoni na kuiona ulevi. Eli alisikiliza alipoelezwa, akambariki yule mama, na hilo ni la kumsifu. Lakini Hana alilazimika kujitetea kwanza kwamba anaimimina roho yake mbele za Bwana.

Tulipofika 2 Samweli 18 sauti ilinikatika. Daudi amepata habari ya kifo cha Absalomu, mwana aliyemwasi na kumfukuza kitini, na anapanda chumba cha juu ya lango akilia: “Ee mwanangu Absalomu, mwanangu, mwanangu Absalomu! laiti ningalikufa mimi badala yako, Ee Absalomu, mwanangu, mwanangu!” Nilishindwa kumaliza mstari. Mama ndiye aliyeumaliza, kwa kichwa, polepole, neno “mwanangu” akilitaja kila mara linapotakiwa kutajwa. Baada ya hapo anakuja Yoabu, jemadari wake, kumkaripia mfalme, na kwa haki Yoabu alikuwa na hoja, maana watu waliomwokoa Daudi walikuwa wanaingia mjini kwa kujificha kama walioshindwa. Lakini Roho aliyeongoza uandishi wa kitabu hicho hakuona sababu ya kukificha kilio cha baba. Kimehifadhiwa mpaka leo, na mama mmoja asiyeona herufi amekipata humo.

Sasa nirudi kwenye ule mstari alioambiwa mama. “Shukuruni kwa kila jambo” upo, ni 1 Wathesalonike 5:18, nami naupenda. Ila waraka huo una sura tano, na sura moja tu kabla yake Paulo anawaandikia watu wale wale kuhusu wafu wao, wasije “wakahuzunika kama na wengine wasio na matumaini.” Hakuwaambia wasihuzunike. Aliwaambia huzuni yao ina tumaini ndani yake. Na Paulo mwenyewe, anayewaambia Wafilipi wafurahi katika Bwana sikuzote, katika barua hiyo hiyo anakiri kwamba Epafrodito, mtenda kazi mwenzake, alipougua karibu na kufa Mungu alimhurumia, tena si yeye tu bali na Paulo pia, “nisipate huzuni juu ya huzuni.” Mtume wa furaha alikuwa tayari na huzuni moja na aliogopa ya pili. Angeulizwa na mjane kama inaruhusiwa kulia, nadhani angeketi naye.

Ayubu naye tunamkata hivyo hivyo. Makaburini tunasoma sura ya kwanza: “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe.” Ni kweli alisema. Lakini sura ya tatu Ayubu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, na sura nyingi zinazofuata ni malalamiko ya mtu anayetaka kuonana na Mungu uso kwa uso amuulize. Rafiki zake walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno, kwa kuwa waliona mashaka yake ni makuu mno. Walianza kukosea walipofungua vinywa kumweleza sababu. Na mwishoni, sura ya 42, Mungu anasema ni wao ambao hawakunena yaliyo sawa, na Ayubu ndiye aliyenena sawa. Aliyelalamika ndiye aliyewaombea waliomtetea Mungu. Sijui tunawezaje kuisoma hiyo na bado tukaogopa malalamiko ya mtu aliyefiwa.

Kuhusu shukrani nataka nieleweke vizuri, kwa sababu sipendi barua hii ichukuliwe kama utetezi wa huzuni isiyo na mwisho. Tuna daftari. Baada ya kusoma, mama hunitajia mambo mawili niyaandike: moja linalomuuma siku hiyo, na moja analolishukuru. Alilianzisha mwenyewe. Mwanzoni upande wa maumivu ulijaa haraka na upande wa shukrani ulikuwa mgumu. Asubuhi moja, nikitaka kumsaidia, nilipendekeza niandike kwamba tunashukuru kwa uzima. Akanizuia: “Usiandike jambo ambalo sijalishukuru mimi. Mungu atajua ni mwandiko wako.” Tukangoja. Baada ya muda akasema, “Andika nimelala mpaka alfajiri.” Hilo likawa la siku hiyo, na lilikuwa la kweli, maana kwa muda mrefu alikuwa hajalala.

Kadiri siku zilivyokwenda, nikaona jambo ambalo hakuna mahubiri yaliyonitayarishia. Mambo ya pande mbili yakaanza kufanana. Upande wa maumivu ameniandikisha kwamba hakuna tena anayemwita kwa lile jina la utani ambalo mdogo wangu alimbandika. Upande wa shukrani siku nyingine akaniandikisha kwamba alizaa mtoto aliyempa jina la utani. Upande mmoja: kimya cha Jumapili jioni. Upande wa pili: jinsi alivyokuwa akicheka hadithi yake mwenyewe kabla hajaifikisha mwisho, hata msikilizaji akacheka bila kujua kilichochekesha. Ni mtoto yule yule, pengo lile lile. Nimekuja kuamini kwamba mama asingemshukuru Mungu kwa kicheko kile kama angezuiwa kwanza kukililia. Na shukrani aliyoifikia si ile ya kuambiwa na mgeni. Ina jina la mtu, ina siku, ina sauti.

Kati ya zaburi zote ninayoomba isomwe na kila anayetaka kufariji wengine ni ya 88. Karibu theluthi moja ya zaburi zote 150 ni maombolezo, na karibu zote hugeuka mahali fulani kuelekea tumaini. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu: inaanza na “hata lini” mara nne na inamalizikia katika kumwimbia Bwana. Ya 22 inaanza na “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?”, maneno ambayo Bwana wetu aliyalia msalabani, na inamalizika kwa sifa. Ya 88 haigeuki. Inamwita Bwana Mungu wa wokovu katika mstari wa kwanza, kisha inashuka mpaka mstari wa 18, inaishia gizani. Siku ilipotufikia nilisoma, nikanyamaza.

“Imeisha?” mama akauliza.

“Imeisha, Mama.”

“Hakuna kingine?”

“Hakuna.”

Akakaa kimya, kisha akasema, “Basi kuna mtu aliwahi kuketi hapa nilipo, na Mungu akaruhusu aandike.” Katika daftari, siku hiyo, hilo ndilo aliloshukuru. Alishukuru kwa Zaburi ya 88. Mimi nilikuwa namhurumia kwa kumsomea.

Watu wa kanisa wa zamani walijua thamani ya kusoma bila kuchagua. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inawataka watawa wapitie zaburi zote kila wiki. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kilizigawa kwa asubuhi na jioni ili ziishe kila mwezi. Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, wamekuwa wakichapa kitabu cha neno la kila siku tangu mwaka 1731, na mstari wa Agano la Kale huteuliwa kwa kura, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuupendelea mstari mtamu. Maana yake ni kwamba siku ambayo wewe una furaha, kinywa chako kitatamka maombolezo ya mtu mwingine; na siku unayolia, utatamka sifa ambazo mwingine anaziimba kwa moyo wote. Nadhani hivyo ndivyo tunavyoweza kweli kutii Warumi 12:15, kufurahi pamoja nao wafurahio na kulia pamoja nao waliao, hata kabla hatujajua ni nani analia.

Anayetaka kuanza hahitaji mengi. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, na anayesoma tatu au nne kwa siku huimaliza kwa mwaka, lakini aliyefiwa asijiwekee mzigo huo. Aanze na Ruthu, sura nne tu, na zaburi moja kwa siku. Asome kwa sauti hata kama yuko peke yake, kwa sababu macho hukimbia mahali ambapo sauti husimama. Siku ambayo hana ombi, zaburi iwe ndiyo ombi lake. Na kama huzuni imemzidi, hali wala halali na hataki tena kuishi, ndugu zake wasimwongezee sura za kusoma. Wampeleke kwa mtabibu na wakae naye. Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili na kumwambia safari hii ni kubwa mno kwako. Mazungumzo na Mungu katika mlima Horebu yalikuja baadaye.

Kwa wanaokwenda kufariji, ombi langu ni dogo. Mkifika, ulizeni mwenye msiba amefikia wapi katika kusoma, mmsomee hapo. Kama hajaanza, msomeeni zaburi moja nzima, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila maelezo. Mkimkuta analia msimnyamazishe kwa jina la Mungu.

Na kwako, Mhariri, nina ombi pia. Katika ukurasa wa imani huwa mnaweka mstari mmoja ndani ya kisanduku, na karibu kila mara ni wa kutia moyo. Huo uendelee. Lakini wiki moja moja wekeni zaburi nzima ya kilio. Ya 88 ina mistari 18. Mkipunguza picha kidogo itaenea. Mkiichapa nitamsomea mama kutoka gazetini, na najua atauliza ni nani aliyeiweka, nami nitapenda kumjibu.

Wako katika Kristo,
Msomaji wenu wa siku nyingi